Usaili wa Aspirini

Kwa furaha isiyo na kifani, Wizara iliutangazia umma kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kidonge kitakachoruhusiwa kuingia kwenye damu ya raia bila kwanza kufanyiwa usaili. Tangazo lilisomwa redioni kati ya taarifa ya hali ya hewa na matokeo ya mpira, na msomaji akaongeza kwamba wananchi wanaombwa kulipokea kwa utulivu. Wananchi walilipokea kwa utulivu mkubwa. Wengi wao walikuwa wanasubiri matokeo ya mpira.

Aliyebuni jambo hili alikuwa Mkurugenzi wa Ulinganisho wa Dawa, mtu mnene, mpole, mwenye suti tatu za rangi moja, ambaye hakuwahi kusomea dawa hata siku moja. Hilo lisimshangaze mtu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ofisa utumishi: aliajiri, alithibitisha, alihamisha, alistaafisha. Alipofika sitini na muda wake ukaisha, Wizara iligundua kwamba ina kiti kisicho na mtu, na yeye ni mtu asiye na kiti, ikampa mkataba. Mkataba ulipoisha, ikampa mwingine. Sasa alikuwa na sitini na saba, na bado alisema "nikistaafu" kama watu wanavyosema "nikienda mbinguni", bila haraka yoyote.

Mambo yalianza siku Daktari alipomjia ofisini. Daktari huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa wadi ya kiharusi katika hospitali kuu, mwanamke mwembamba, mwendo wa haraka, asiyejua kukaa kwenye kiti mpaka mwisho. Alitaka jambo moja tu: idara ilinganishe dawa mbili za kuzuia damu isigande, iseme zinunuliwe kwa kiasi gani.

"Mzee, sitakuchosha," alisema. "Kuna kiharusi cha mshipa kupasuka, na kuna cha mshipa kuzibwa na donge la damu. Mimi nazungumzia hiki cha donge. Tukishampiga mtu picha ya kichwa tukaona hakuna damu iliyovuja, tunampa aspirini. Kama kiharusi chenyewe ni kidogo, tunamwongezea klopidogreli. Zote mbili, wiki tatu hivi, halafu tunabaki na moja."

"Ngoja kwanza." Mkurugenzi alichukua kalamu. "Zote mbili zinafanya kazi gani?"

"Ile ile. Kuzuia chembe za damu zisishikane. Kila moja kwa njia yake."

"Yaani watumishi wawili kwenye nafasi moja."

Daktari akamtazama. "Mtu anaweza kusema hivyo."

Hakupaswa kukubali. Katika utumishi wake Mkurugenzi alikuwa ameshafichua walinzi wawili wa geti moja, wapika chai wawili wa birika moja, na safari moja madereva wawili wa gari lisilokuwa na injini. Lakini hakuwahi kuota kwamba uozo huo umeshaingia mpaka kwenye mishipa ya watu.

"Na kwa nini wiki tatu tu?" aliuliza.

"Zikikaa pamoja muda mrefu, mgonjwa yuko hatarini kuvuja damu."

"Zinagombana."

"Hazigombani, Mzee. Zinafanya kazi kupita kiasi."

"Hilo sijawahi kuliona kazini," alisema Mkurugenzi kwa unyofu kabisa, akaliandika.

Kamati ikaundwa. Mkurugenzi alikuwa mwenyekiti. Mwanasheria wa Wizara, mtu wa sauti ya chini aliyezijua kanuni zote kwa moyo na hakuwahi kuonekana akicheka, alikuwa katibu. Mhasibu alikuwepo kwa sababu Mhasibu huwa yupo. Wajumbe waliobaki walichaguliwa kwa uzoefu wao mrefu katika kukubali.

Siku ya usaili, viti viwili viliwekwa mbele ya meza ya kamati, juu ya kila kiti kisosi, na juu ya kila kisosi kidonge kimoja. Kila kidonge kilikaribishwa maji ya kunywa. Daktari aliitwa kama mdhamini wa wote wawili, akakaa pembeni akitazama saa yake.

"Ndugu Aspirini," Mkurugenzi akaanza, "jieleze kwa kifupi."

Kidonge kikanyamaza. Kamati ikasubiri kwa muda unaostahili.

"Si mropokaji," mjumbe mmoja akanong'ona, akaandika.

"Umri?" Mwanasheria akauliza.

"Kama dawa?" alisema Daktari. "Zaidi ya karne moja."

Kalamu zikasimama. Mhasibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Zaidi ya karne moja na bado yuko kazini?" Mkurugenzi akauliza. "Walionitangulia kwenye kiti hiki walikuwa wanafanya nini?"

"Bado inafanya kazi vizuri, Mzee. Kuna wanaolalamika tumbo, lakini..."

"Daktari, hapa hatuzungumzii kufanya kazi vizuri. Tunazungumzia umri. Mtu akifika sitini anapisha wengine. Ni ustaarabu tu."

Alisema hivyo mtu wa miaka sitini na saba, katika chumba chenye watu wanane, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Ikaja zamu ya Klopidogreli. Huyu alikuwa kijana, na kamati ilimtazama kwa matumaini mpaka Daktari alipolazimika kueleza kwamba dawa hii ikimezwa haianzi kazi moja kwa moja. Ni lazima ini liibadilishe kwanza, na kuna watu ambao miili yao haiibadilishi vizuri.

"Kumbe anahitaji mafunzo kazini," alisema Mwanasheria.

"Na mafunzo yenyewe hayana uhakika," akaongeza Mkurugenzi kwa masikitiko.

Uamuzi ulitoka kabla ya chakula cha mchana. Ndugu Aspirini alistaafishwa kwa heshima. Ndugu Klopidogreli alipewa kipindi cha majaribio, atakachokitumikia ghalani chini ya kufuli. Maduka ya dawa na hospitali ziliamriwa kutoa aspirini zote ili nazo zipumzike ghalani. Ikafanyika hafla ya kuaga, zikasomwa hotuba, na pakiti moja iliyowakilisha wenzake ikazawadiwa saa ya ukutani. Mkurugenzi aliipeleka saa ile mpaka kwenye gari la bohari kwa mikono yake mwenyewe, maana alikuwa mtu asiyependa wastaafu wadharauliwe.

"Na wagonjwa wangu?" Daktari akauliza mlangoni.

"Wavute subira. Mchakato unaendelea."

"Mzee, donge la damu halivuti subira."

"Tutaliandikia barua," alisema Mkurugenzi.

Wadi ikaanza kujaa. Waliokuja na kiharusi kidogo wakaruhusiwa kwenda nyumbani, wakarudi na kikubwa. Habari hizo zilifika Wizarani, zikapokelewa, zikapigwa muhuri, na Mkurugenzi akaelezea redioni kwamba kujaa kwa wadi ni dalili ya imani ya wananchi kwa hospitali zao.

Sasa, Mkurugenzi alikuwa na dada. Dada huyu ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, na alimsomesha kwa cherehani: kaptura za shule za mtaa mzima zilipita chini ya sindano yake. Suti zote tatu za Mkurugenzi alizishona yeye, na asubuhi moja Mkurugenzi alipitia kwake kupimwa ya nne.

Dada alimzungushia futi kiunoni, akasema jambo. Mkurugenzi akaitikia ndiyo. Dada akasema jambo lingine, na Mkurugenzi akaitikia tena ndiyo, kwani amezoea tangu utotoni kumsikia dada yake akiongea na pini mdomoni. Ndipo akaona kwamba pini ziko mezani, zote, kwenye kopo lake. Futi lilianguka. Dada aliinama kuliokota, na mkono wa kulia ukakataa kufunga vidole.

"Dada," alisema Mkurugenzi. "Hebu nitazame."

Dada akamtazama. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka.

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Mkurugenzi alikimbia. Alimbeba Dada mpaka kwenye gari la ofisi na kumwamuru dereva asisimame popote. Daktari aliwapokea bila salamu ndefu. Alimpeleka Dada kwenye picha, akamwinua mikono, akamnywesha maji kijiko kwa kijiko kuona kama anameza bila kupaliwa, kisha akamvuta Mkurugenzi koridoni.

"Ni donge, na hakuna damu iliyovuja. Ni kiharusi kidogo. Lakini hiki kidogo ndicho kinachotangulia kile kikubwa, na hatari yenyewe iko siku hizi za mwanzo. Leo hasa."

"Mpe dawa basi!"

"Dawa gani?"

"Hiyo mnayowapaga watu!"

"Imestaafu," alisema Daktari.

Mkurugenzi akamtazama kuona kama anatania. Daktari hakuwa na uso wa utani. Alikuwa na uso wa mtu aliyewaambia watu wengi neno hilo wiki zile.

"Hata moja kabatini? Hata ya akiba?"

"Wakaguzi wako walizisomba zote. Na ile nyingine iko ghalani kwenye majaribio. Ufunguo uko Wizarani, Mzee. Nenda ukaulete, na usikawie."

Wizarani, Mwanasheria alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho. Alisikitika sana kusikia habari za Dada. Kisha akaeleza kwamba aliye kwenye majaribio haruhusiwi kutumika bila msimamizi aliye kazini, na mstaafu hatolewi ghalani hivi hivi. Njia iko moja: aajiriwe upya kwa mkataba.

"Aajiriwe basi! Lete nitie saini."

"Kila idara ina nafasi moja tu ya mkataba wa mstaafu, Mkurugenzi. Na ya kwetu ina mtu."

"Nani huyo? Mwondoe!"

Mwanasheria alitazama dari, akatazama zulia, halafu akasema kwa adabu yake yote, "Ni wewe, Mzee."

Mkurugenzi akakaa. Alitoa leso akajifuta shingo.

"Najiuzulu," alisema.

"Kujiuzulu kuna notisi ya miezi mitatu."

"Miezi mitatu! Dada yangu ana leo tu!"

"Ila," Mwanasheria akaendelea bila kubadilisha sauti, "mwombaji mwingine akikushinda kwenye usaili, unaondoka hapo hapo, naye anaanza hapo hapo. Naweza kuita kamati sasa hivi. Hawajatoka kwenye chai."

Kwa hiyo, kabla ya adhuhuri, Mkurugenzi alijikuta ameketi kwenye kimoja cha vile viti viwili. Kwenye cha pili kilikuwepo kisosi, na kwenye kisosi Ndugu Aspirini, aliyeletwa kutoka ghalani kwa gari maalumu. Daktari aliitwa kumsemea. Mwanasheria alishika uenyekiti. Mkurugenzi alikuwa na nia moja tu moyoni mwake: kushindwa haraka.

"Mkurugenzi," akaulizwa, "idara yako inafanya nini?"

"Sijui."

"Unyenyekevu," Mhasibu akasema kwa kuguswa, na alama zote zikatolewa. Ndugu Aspirini, aliyenyamaza, akapata nusu.

"Umefanikisha nini?"

"Nimefungia dawa ghalani na watu wameumia."

"Msimamo thabiti," akasema mjumbe wa kwanza. "Hayumbishwi," akasema wa pili. Alama zote.

"Jamani, mimi ni mzembe!" Mkurugenzi akapaza sauti, jasho likimtiririka. "Nasinzia vikaoni! Nyaraka nazisoma kichwa cha habari tu!"

"Anajitathmini," wakanong'onezana, wakiandika kwa kasi. Watu hawa walikuwa wamemsifu miaka saba mfululizo, na midomo yao haikujua njia nyingine. Mkurugenzi alitazama jumla ya alama ubaoni, akaona anamshinda Aspirini kwa mbali sana. Dada yake alikuwa amelala kule, mkono umelegea, na yeye alikuwa anafaulu.

"Swali la mwisho," alisema Mwanasheria. "Hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwombaji akikosekana kazini, nini hutokea? Tuanze na Ndugu Aspirini."

Daktari akasimama. Hakutumia karatasi. Alisema kuna kinyozi aliyekuja na ganzi ya mkono, akaondoka anatembea, akarudi amebebwa, na sasa hawezi kulitamka jina la mke wake. Alisema kuna mwalimu anayelia kila akishika chaki aliyoletewa na wanafunzi wake. Alisema leo asubuhi amepokea fundi cherehani, na kwamba huyo bado anaweza kuokolewa vizuri, kama wakubwa hawa watakubali kumaliza kikao. Akakaa. Hakuna aliyeandika.

"Na Mkurugenzi?"

Jibu lilikuwepo mdomoni, tayari, lenye miaka mingi: Wizara itasimama, huduma zitalegalega, taifa litayumba. Angeweza kulitoa akiwa usingizini. Lakini alikumbuka mwaka uliopita, alipokwenda likizo ya mwezi mzima kwa ajili ya magoti. Kila siku aliiweka simu karibu na mto. Haikulia. Aliporudi alikuta mafaili yote yamepita, meza safi, na mtu ameanika mwavuli kwenye kiti chake. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Dada.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna nini, Mzee?"

"Hakuna kinachotokea. Nilikosekana mwezi mzima. Kazi zilikwenda vizuri zaidi. Mlikuwepo nyote, mnajua."

Ilimuuma. Ilimuuma kuliko alivyotegemea, kwa sababu safari hii hakuwa akijifanya. Wajumbe walitafuta neno la kusifia. Mhasibu aliinua kalamu, akaitazama, akairudisha mezani. Mwishowe wakaandika sifuri, mmoja mmoja, kila mtu akifunika karatasi yake kwa kiganja. Swali lile kwa uzito wake likafuta yote yaliyotangulia, na Ndugu Aspirini akatangazwa mshindi.

"Hongera," Mwanasheria akakiambia kisosi. Kisha akamgeukia Daktari. "Kwa mujibu wa kanuni, Mkurugenzi mpya ana haki ya msaidizi wa muda kwa wiki tatu. Kuna jina unalopendekeza?"

"Klopidogreli," alisema Daktari. Alikuwa ameshasimama.

Kukabidhi ofisi kuna taratibu zake, nazo zilifuatwa. Mkurugenzi aliweka ufunguo wa mlango, wa kabati na wa gari la ofisi kando ya kisosi, akapeana mkono na hewa iliyokuwa juu yake, na akatoka kwa miguu. Gari la bohari lilimpita njiani limejaa maboksi. Alilipungia mkono.

Alipofika wadini, Dada alikuwa ameshameza vidonge vyote viwili. Mdomo bado ulikuwa upande. Macho yalikuwa yake.

"Ka...zi?" aliuliza.

"Sina tena."

"Na...ni?"

"Wamempa aspirini, Dada. Tumefanya usaili, amenishinda."

Mabega ya Dada yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo mpaka nesi akaja mbio kuona kulikoni, na Mkurugenzi, ambaye sasa hatuna budi kumwita tu mdogo wake, aliweka kichwa kwenye shuka akalia bila aibu, kwa furaha na kwa fedheha kwa pamoja.

Kiharusi kikubwa hakikuja. Baada ya muda Dada alirudi nyumbani, mdomo umenyooka, mkono ukijifunza upya kushika sindano, huku mdogo wake akizungusha gurudumu la cherehani na kukemewa. Huko Wizarani Mkurugenzi mpya alikaa mezani kimya. Hakuitisha vikao, hakusafiri, hakurudisha faili lolote kwa marekebisho, na kwa kuwa kanuni husema ombi lisilopingwa na Mkurugenzi limekubaliwa, maombi yote yakakubaliwa. Dawa zilifika wadini. Waziri alipita akaona koridoni hakuna foleni, akauliza nani anaongoza idara hii, akaonyeshwa. Alikaa mbele ya kisosi kile kwa robo saa, akatoka ameridhika.

Jumapili moja mchana simu ikalia nyumbani kwa Dada. Alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara, yule ambaye sauti yake peke yake huwafanya watu wafunge vifungo vya koti. Siku hiyo sauti ilikuwa ndogo. Nyuma yake zilisikika sahani zikioshwa.

"Mzee mwenzangu," alisema, "Waziri amelipenda lile swali."

"Swali lipi, Mheshimiwa?"

"La kukosekana. Ameagiza tuulizwe wakubwa wote, nami niwe wa kwanza. Sasa wewe una uzoefu. Nimjibu nini?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli wenyewe ndio siujui."

"Ni rahisi, Mheshimiwa. Usiende kazini wiki moja. Usimuage mtu. Kaa tu nyumbani, uone nani atakutafuta."

Sahani ziliendelea kuoshwa.

"Hii ni wiki ya tatu," alisema Katibu Mkuu.